Taya Lililonikwama Mbele ya Darasa

Bado nina hasira. Miezi mingi sasa kiungo cha taya langu kinaniuma, na nyaya za kunyoosha meno ndizo zilizozidisha. Nikiwa darasani hapa Shule ya Cheyo, hulichezesha taya taratibu ili lilegee. Juzi mwalimu wa Jiografia akanigeukia.

"Wewe Neema, tema hiyo bablishi!"

"Sili kitu, Mwalimu. Taya linaniuma."

"Kila siku taya! Unanifanya mtoto mwenzako?"

Darasa zima likacheka. Damu ikanichemka. Nani atafune bablishi kwa taya hili? Nikaenda mbele kwa hatua za kishindo. "Haya, Mwalimu, tazama mwenyewe!" Nikapanua mdomo kwa hasira zangu zote.

Taya likalia ko! Likakwama. Nikabaki nimeachama kama kinda la ndege, mate yakinichuruzika, nisiweze hata kujitetea.

Mwalimu akainama, akachungulia, akanusa. Kwenye nyaya za nyuma lilikuwa limenasa bonge la nta. Asubuhi nilitafuna masega ya asali, ambayo daktari wa meno alinikataza kabisa.

"Na hili, Neema," akauliza, akilielekezea chaki, "nalo linauma?"