Shimo la Serikali

Shimo lile lilikuwa nyuma ya boma la mume wangu, upande wa Iguhu, kando ya njia ya kwenda mtoni. Wazungu walilichimba wakitafuta dhahabu. Dhahabu ilipowaishia walifunga virago, wakaliacha wazi, limejaa maji. Nilipoolewa pale, mwaka wa uhuru, jambo la kwanza mama mkwe alilonifundisha halikuwa jiko lake. Alinishika mkono akanipeleka kunionyesha shimo. Wifi yangu, kitinda mimba wa nyumba ile, alinicheka, akasema nisiogope, shimo lina adabu, halimfuati mtu.

Lilitufuata. Kila mvua kubwa iliponyesha ukingo uliporomoka, na shimo likaisogelea njia. Kuhama njia hatukuweza, maana mashamba yalikuwa yamepimwa na jirani wa upande wa pili amekwisha kuweka sengenge yake. Na aliyepita pale kila asubuhi, mtungi kichwani, alikuwa wifi yangu, msichana ambaye alikuwa ameshachumbiwa Lurambi na alikuwa akihesabia kuondoka.

Tukasema tutalifukia wenyewe. Kwetu mtu akijenga nyumba jirani wote huja, basi wakaja vivyo hivyo, wanaume na majembe, wanawake na vikapu vya mawe, na mimi nimepika obusuma, ugali wetu, sufuria nzima. Hata hatujamaliza kikapu cha kwanza, akatokea liguru, mzee wa kijiji aliyetumikia serikali. Akasema mgodi ni mali ya serikali, na atakayetia udongo humo atalala jela. Wazee wetu waliwahi kuona watu wakifungwa enzi za ukoloni kwa kukutwa na vumbi la dhahabu tu. Wakaweka majembe chini. Hata ua wa miiba tuliokuwa tumelizungushia shimo, liguru alituamuru tuung'oe. Haki ya Mungu, tuliung'oa! Nikikumbuka mikono yangu ikivuta ile miiba, hasira hunipanda upya.

Mama mkwe akaenda mjini Kakamega, kwenye ofisi, nami nikimsindikiza. Tulipokelewa na kijana wa tai, mtu wetu kabisa, si Mzungu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema shimo linajulikana, serikali ina habari zake zote, turudi nyumbani tungoje.

Mama mkwe akamwuliza, "Kama serikali inalijua, mbona imelala? Binti yangu anapita hapo."

Kijana akatabasamu, akasema uhuru bado mchanga, tuwe na subira. Tulirudi mara nyingi. Nenda leo, rudi kesho, mkubwa yuko mkutanoni, gari halina mafuta. Ati gari halina mafuta, na Jumapili tukiliona limejaa wake zao!

Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha, wifi yangu alikwenda mtoni na hakurudi. Tulikuta kipande cha njia hakipo, na ngata yake imenasa kwenye majani ya ukingo. Wanaume walishusha kamba hadi jioni, udongo ukizidi kuwamwagikia, mpaka wazee wakakataza, wasije wakazika wengine. Polisi walifika kesho yake, wakatazama, wakaandika, wakaenda zao.

Kwetu, maiti isipopatikana, huzikwa mgomba mahali pake. Tukakata shina la mgomba, tukalivika gauni lake la kanisani, tukalililia, tukalizika kando ya baba yake. Mimi ndiye niliyefunga vifungo vya gauni lile.

Matanga hayajaisha, tukasikia trekta. Loo, siku ile mafuta yalipatikana! Kijana wa tai alikuwa juu yake, safari hii na buti. Mama mkwe akatoka na kusimama mbele ya trekta.

Yule kijana akasema, "Mama, pisha. Tumekuja kuwalinda."

"Mtoto wangu yumo humo ndani," mama mkwe akamjibu.

Akatoa pole, akasema amri ya kulifukia shimo imeshatoka. Mama mkwe hakusogea, na mwishowe sisi wenyewe, watu wa nyumba yake, tukamwondoa kwa kumshika mabega.

Tangu hapo nimeambiwa na watu wenye elimu kwamba niache kuilaumu serikali, kwani siyo iliyomsukuma. Kweli, haikumsukuma. Ilijua mtu atatumbukia, ikatukataza kumkinga, na yenyewe isimkinge. Sasa mtu anaitakia nini serikali, bendera? Mtu mwenye mbwa mkali humfunga, asipomfunga tunamshitaki. Mbona wao wasishitakiwe?

Mama mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kaburi la mgomba, lile la nyumbani, hakuwahi kulipalilia. Kila Krismasi alichukua jembe lake akateremka njia ya mtoni, akapalilia pale trekta lilipopita, na liguru alipomwambia kwamba hiyo ni ardhi ya serikali, mama mkwe aliendelea kulima.