Mafuta ya Cherehani

Asubuhi hii fundi wangu wa nguo hapa Kayole ametia cherehani yake mafuta, na harufu ile imenirudisha kwenye chumba chetu cha utotoni, mtaa wa Ziwani. Mafuta kama hayo ndiyo aliyotumia baba kulainisha vitufe vya tarumbeta lake.

Baba alitunga nyimbo za jazi na kuongoza bendi. Kazi yake yote ilikuwa kwenye kaseti moja, na alishavunja vile vidude viwili vya juu ili mtu asirekodi juu yake. Lakini kila mtoto wa mtaa alijua kwamba ukiziba kwa karatasi matundu yanayobaki, kaseti inakubali kurekodiwa tena. Mama alipotafuta kaseti ya kurekodia kwaya yake, nikaziba ile ya baba, nikampa. Hakuuliza ni ipi, nami sikusema.

Jumamosi moja akaja mgeni wa studio kusikiliza kazi ya baba. Baba akaitia kaseti redioni, akabonyeza, ikatoka kwaya, sauti ya mama ikiwa juu ya zote. Hakuizima. Mwishoni kabisa tarumbeta likasikika kidogo, kisha mkanda ukaisha.

"Ni hiyo tu, mzee?" mgeni akauliza.

"Ni hiyo tu. Kunywa chai."

Mgeni alipoondoka, baba aliichomoa karatasi kwenye tundu la kaseti kwa ncha ya kisu, akaikunjua. Ilikuwa ya daftari langu la hesabu. Akaniwekea kiganjani.

Aliendelea kulitia tarumbeta mafuta kila Jumamosi, akalifuta, akalirudisha sandukuni. Kulipuliza, sikumsikia tena.