Alichoma cheti cha jeshi kanisani, sasa anakihitaji

Saa kumi na mbili asubuhi, Kilonzo amechuchumaa mbele ya tanuri la matofali nje kidogo ya soko la Kalamba. Anasukuma gogo ndani, kisha anainuka taratibu akijishika kiuno. Goti la kushoto limekataa kunyooka.

Ndani ya goti hilo mna kipande cha chuma alichorudi nacho kutoka Somalia, alikopigana akiwa koplo.

"Wenzangu waliletewa vitenge," anasema mkewe, Mutindi, akimwaga maji kwenye udongo. "Wangu akaniletea chuma."

Kilonzo, 46, huuza tofali shilingi 12. Siku goti likivimba, hafyatui hata moja.

Sasa kuna sheria inayotaka serikali iwaenzi waliopigania nchi, ikiwemo kuwapa matibabu. Akipata kadi ya mwanajeshi mstaafu, chuma kitatolewa. Lakini kadi inataka cheti cha kuondoka jeshini, na cheti alikichoma kwa mikono yake.

Ilikuwa mwaka 2016, kwenye mkutano wa injili wa kanisa lao. Mchungaji Ngure aliwaita waliookoka walete motoni "vitu vya damu". Wengine walileta hirizi. Kilonzo, aliyekuwa hapati usingizi kwa ndoto za vita, alileta gwanda, medali na bahasha nzima ya karatasi.

"Siku hiyo nililala mpaka asubuhi," anasema. "Hilo siwezi kulikana."

Alipoenda kujiandikisha apate kadi, karani aitwaye Mbithe alimsikiliza akitaja namba yake ya jeshi bila kukosea.

"Mzee, hiyo iko kwa kichwa. Mimi nataka karatasi," akamwambia. Ili aombewe cheti kingine, alete barua ya kanisa, yenye muhuri, ikieleza jinsi cha kwanza kilivyoteketea.

Mara nne amemwendea mchungaji.

"Ndugu Kilonzo, nilisema vitu vya damu. Makaratasi sikuyataja."

"Na kiberiti kilikuwa cha nani, Pasta?"

Ngure anahofia barua hiyo itamponza. Anaona muhuri wa kanisa utakuwa kama kukiri kwamba walichoma mali ya serikali. Kila mara humwambia aombe kwanza.

"Aliwaweza wenye bunduki," Mutindi anasema, "sasa ameshindwa na mwenye muhuri."

Kilonzo hacheki. Amechoka, na tanuri bado linataka kuni za siku mbili. Hana mpango wa kuhama kanisa wala wa kushtaki mtu. Barua ameshaiandika mwenyewe, mistari sita, na kuikunja ndani ya Biblia; imebaki sahihi ya mchungaji na muhuri.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, atasimama.

"Aliniita mbele ya watu wote nilete vitu vyangu, nikaleta," anasema, akifuta jivu usoni. "Na mimi nitamwita mbele ya hao hao. Alete kalamu."