Vitenge Vitatu vya Kuficha Kupungua

Nakumbuka asubuhi moja ya kuchuma kahawa hapa Nyakatuntu, nilipoanguka shambani nikiwa nimevaa vitenge vitatu. Usicheke, mwanangu. Au cheka, lakini soma mpaka mwisho.

Nilikuwa na watoto watatu na mwili ulionizidi. Magoti yaliuma, presha ilikuwa juu, na muuguzi wa zahanati aliniambia nisipopungua naweza kupooza. Tukakubaliana kilo mbili kwa mwezi, nisikimbilie. Nikapunguza sahani ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, na rubisi, pombe ya ndizi, nikaiacha kabisa. Shule sikukaa sana, hivyo hesabu yangu niliiweka kwenye kamba ya mgomba: kila mwisho wa mwezi najizungushia kiunoni, inapokutana napiga fundo.

Mafundo mawili tu yakawatosha majirani. Kwetu mwanamke akikonda, watu hawaulizi anakula nini, wanauliza ana nini.

"Mama Koku, mzee amekunyima ndizi?" mmoja akaniuliza kisimani.

Mwenzake akamjibu kabla yangu: "Ndizi zipo. Ni ule ugonjwa."

Aibu ikanishika. Nikarudia sahani iliyojaa, na wakati nangoja mwili urudi, nikawa najifunga vitenge kimoja juu ya kingine nionekane mnene. Ndivyo joto na kizunguzungu vilivyoniangusha kati ya mikahawa.

Mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kunisifia hata siku moja, alinifungua kitenge kimoja kimoja.

"Hiki umevaa kwa ajili yako," alisema. "Hivi viwili umemvalia nani? Ukipooza, wale wa kisimani ndio watakuogesha?"

"Hapana, mama."

"Basi amka."

Kesho yake nilikwenda kisimani na kitenge kimoja. Wakaanza. Nikatua ndoo.

"Ndiyo, napungua, na bado nitapungua. Na hata ningekuwa na huo ugonjwa, ningehitaji dawa na chakula, si midomo yenu."

Nikachota maji yangu, nikaondoka. Ilinichukua mwaka mzima, na kuna miezi fundo lilirudi nyuma. Nalo nililipiga. Mwisho presha ikashuka, nikapanda mlima wa kanisani bila kukaa njiani.

Basi sikia. Lengo lako lipange na mtu anayejua mwili, si picha ya kwenye simu. Liwe dogo. Jipime siku ileile kila mwezi, na ukirudi nyuma andika vilevile, usijidanganye. Wanaokuita mgonjwa ukipungua ndio haohao watakuita bonge ukinenepa. Waache waseme mpaka wachoke.

Mungu akupe mwili wa kukubeba hadi uzeeni, mwanangu, na shingo ngumu isiyogeuka wakikuzomea.