Umeme ulikatika kijijini kwa mkwe, nikatumwa kuomba jenereta, nikaanza na kahawa

Wakuu, amani iwe kwenu. Hiki nnachosimulia kimenikuta mwenyewe, na mke wangu yumo humu jukwaani kwa jina la kujificha. Nikiongeza chumvi ataniumbua hapo chini.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kochi. Nauza vipuri vya magari hapa mjini, Wattaya, nikifunga duka narudi nyumbani, basi. Wenzangu wikiendi wanapanda milimani kupiga picha, mimi naziangalia nikiwa nimejifunika blanketi.

Mama mkwe wangu, Bi Zuwena, anakaa bara huko ndani, mbele ya Rustaq, kijiji cha Waarabu cha mlimani. Ni mzaliwa wa huko huko. Kiswahili alifundishwa na marehemu mumewe aliyekuja kutoka Unguja.

Ana pumu. Baridi ikishika hutumia ile mashine ndogo ya umeme ya kuvuta dawa kwa mvuke.

Majira ya baridi yaliyopita ikatangazwa mvua kubwa. Salma, mke wangu, akasema, "Twende tukakae na mama."

"Lakini mvua inakuja."

"Ndiyo maana twende."

Tukaenda. Gari nikaliacha ng'ambo ya wadi, lile bonde la mto mkavu, kwa kulionea huruma, tukamalizia kwa miguu. Kwa hiyo wale mtakaouliza kwa nini sikuchomeka mashine kwenye gari, jibu mmelipata, nyamazeni.

Jioni ile mvua ikashuka na mawe ya barafu juu yake. Wadi ikajaa, barabara ikakatika. Umeme ukaondoka, na netiweki ikaufuata kama mtoto na mama yake.

Nikajitia uanaume. Nikawasha mkaa nikauingiza chumbani tuote moto. Bi Zuwena akaanza kukohoa.

"Unampasha joto au unamkausha kama papa?" Salma akaniuliza. Nikatolewa nje, mimi na mkaa wangu.

Asubuhi hali ikawa si ya mzaha. Kifua cha mama kinapiga filimbi, mabega yanapanda na kushuka, neno moja analitoa kwa vipande. Pampu yake ya mkononi inatoa hewa tupu. Mashine ipo, dawa ipo, umeme hakuna.

Na pale jirani tunasikia jenereta inanguruma.

Tatizo ni jirani mwenyewe, Mzee Khalfan. Yeye na mkwe wangu wamegombana kwa zamu ya maji ya falaji, ule mfereji unaonywesha mitende ya kijiji kizima. Kila mmoja anasema mwenzake alifungua maji kabla ya zamu yake. Tangu hapo ni salamu ya njiani tu, hawaingiliani majumbani.

"Mimi nikienda mama atasema nimemdhalilisha," Salma akasema. "Nenda wewe. Wewe unajulikana hujui kitu."

Nikaenda, wakuu, nimelowa mpaka mifupani.

Mzee Khalfan akanipokea vizuri kabisa. Tende zikaja, kahawa ikaja, ya moto, ina iliki. Vidole vyangu vilikuwa havina hisia. Nikanywa. Akanimiminia, nikanywa. Cha tatu nikanywa, nikakitikisa kikombe kama adabu inavyotaka, kwamba nimetosheka.

Ndipo nikasema shida yangu, kwa Kiarabu changu cha dukani.

Mzee akakitazama kile kikombe. "Umekunywa?"

"Nimekunywa, Mzee wangu."

"Huku kwetu mwenye haja hukiweka kikombe chini. Hanywi mpaka aambiwe 'haja yako tumekupa'. Na mwenye nyumba hana ujanja, akikataa ni aibu yake. Wewe ushakunywa, na kikombe ushakitikisa. Sasa hata nikikwambia hapana, hakuna wa kunilaumu."

Mimi nimekulia mjini kwa watu wa Unguja. Kwetu kahawa ni kahawa tu.

Nikamwambia, "Basi kama ni hapana niambie upesi, nikabishe kwingine. Mama hapumui."

Mzee akasimama, akajifunga shali. "Zuwena angejua nimelazimishwa na kikombe, angekataa hata roho ikiwa kooni. Mwambie ulikunywa kwanza."

Akaenda kuzima jenereta yake, nyumba yake ikabaki bila umeme. Tukaipakia kwenye toroli, akalisukuma mwenyewe. Mimi nimeshika mwavuli, ambao ulipinduka hatujatoka hata mlangoni kwake.

Bi Zuwena kusikia sauti ya Khalfan uani, akainua mkono. Hataki.

Nikapiga magoti karibu yake. "Mama, nilikunywa kahawa yake."

Akanitazama. "Kabla... hujaomba?"

"Kabla. Vitatu."

Salma akajifunika uso kwa mtandio. Mabega ya mama yakaanza kutikisika, nikajua ndiyo basi tena, tunampoteza. Kumbe anacheka.

"Basi... katoa mwenyewe," akasema. "Washeni."

Tukawasha. Mvuke ukatoka, akavuta, akavuta tena. Ile filimbi kifuani ikapungua kidogo kidogo. Salma kamshika mkono, analia kimya kimya.

Mzee Khalfan hakuingia ndani. Alikaa barazani na baridi yote ile, anailinda jenereta isizimike.

Baadaye kidogo tukasikia mama anamwita dirishani. "Khalfan! Yale maji ulifungua kabla."

"Sikufungua."

"Ulifungua. Mitende yangu ililala na kiu."

Wakaendelea hivyo, yeye ndani, mzee nje, sentensi ndefu ndefu hazikatiki. Salma akanitazama, akafuta machozi. Mama yake alikuwa amerudisha pumzi ya kugombana.

Nilichojifunza: mgonjwa wenu wa mashine mtafutieni betri ya akiba kabla mbingu hazijafunga. Na mkioa huko ndani, ulizeni mapema jirani gani ana jenereta, na kikombe chake kinashikwaje.

Haya, wenye wakwe milimani, ninyi umeme ukikatika mnafanyaje? Wa kunicheka pia mnakaribishwa, ila Salma keshawatangulia.