Bafu la Ghorofa ya Nne

Wodini walimwita Mama Daftari, na hakuwahi kupata muda wa kulikasirikia jina hilo, maana mambo ya kukasirikia yalikuwa tele. Kila aliyeingia akiwa ameumia uti wa mgongo, yeye ndiye aliyeandika jina, umri na chanzo. Aliyeandikwa kaanguka kazini, nakala yake ilikwenda kwa wakaguzi wa kazi siku hiyo hiyo. Aliyeanguka nyumbani, nakala haikwenda popote.

Daktari mmoja aliwahi kuwaeleza wafanyakazi wa wodi kwamba duniani watu zaidi ya milioni kumi na tano wanaishi na majeraha hayo, na kwamba ajali za barabarani na kuanguka ndivyo vinavyoongoza. Wenzake wakaguna. Yeye akauliza, "Kuanguka kutoka wapi?" Daktari akacheka, akidhani ni utani.

Jumatatu moja asubuhi aliletwa fundi mwashi wa miaka thelathini na minne. Wenzake walimpakia nyuma ya pikapu wakamketisha kama mgeni wa heshima, huyu kamshika kwapa la kulia, yule la kushoto, wakampepea njia nzima. Walimpenda, jamani, na kwa mapenzi hayo hayo wakamalizia kuharibu kilichobaki. Mtu aliyevunjika mgongo halazimishwi kukaa. Hulazwa chali juu ya ubao, shingo isicheze. Lakini nani aliwahi kuwafundisha? Mama Daftari alitamani kuwazaba vibao wote, kisha akaona mmoja wao analia, akaghairi.

"Chanzo?" aliuliza.

Aliyejibu ni mnyapara wao, bwana mmoja mwenye viatu visafi. "Aliteleza bafuni, dada."

Mama Daftari akatazama miguu ya mgonjwa. Saruji ilikuwa imemkaukia mpaka vifundoni.

Hasira zikampanda. Akafunua kurasa za nyuma, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Aliteleza bafuni. Aliteleza bafuni. Tangu mwaka uanze walikuwa saba, wote mafundi na vibarua, na mwandiko wote ulikuwa wake mwenyewe.

"Kaka, hilo bafu lenu liko ghorofa ya ngapi?"

"Ah, dada nawe!" Mnyapara akatabasamu. "Funika kombe mwanaharamu apite. Wewe andika tu."

Akamfukuza nje, yeye na tabasamu lake, kisha akamwinamia mgonjwa. "Mwanangu, ameshatoka. Niambie mimi."

"Ni jukwaa la ghorofa ya nne, mama. Miti yake imeoza. Tulisema, tukasema tena."

"Basi naandika jukwaa. Wakaguzi watalifunga leo leo."

"Usiandike!" Fundi alijaribu kuinua mkono, haukuinuka. "Mdogo wangu bado yuko kule juu. Wakijua nimesema watamfukuza, na sasa ndiye wa kulisha nyumba nzima. Andika bafuni, mama yangu, nakuomba." Machozi yalimtiririkia masikioni, na hakuwa na namna ya kuyafuta.

Mama Daftari alimfuta kwa ncha ya kanga yake. Alijua kabisa kwamba kuandika bafuni ni kuliacha lile jukwaa limesimama. Alijua, na bado huruma ikamshinda. Akaandika bafuni, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

"Hasira hasara, mama," muuguzi alimwambia, akiona ukurasa.

"Na woga je, unazaa faida?" alimkemea, ingawa aliyekuwa akimkemea hasa ni nafsi yake.

Jumatano ya wiki iliyofuata pikapu ile ile ikarudi. Nyuma yake walikuwa wamemketisha kijana mwenye paji la uso la yule fundi, pua ya yule fundi, na saruji mbichi miguuni. Mnyapara akateremka mbele, na viatu vyake vilikuwa visafi vile vile.

"Dada, huyu naye aliteleza..."

"Nyamaza!" Sauti ilifika mpaka jikoni. "Hebu litamke neno bafu mbele yangu uone! Bafu gani hili linalowavunja migongo waashi watupu? Mlazeni chali, nyie! Mlazeni, msimkalishe!"

Mama Daftari akaandika kwa herufi kubwa: ALIANGUKA KUTOKA JUKWAANI, GHOROFA YA NNE, KAZINI. Akarudi kwenye mstari wa kaka mtu, akafuta bafuni, akaandika jukwaani. Sehemu kubwa ya ghadhabu yake ilikuwa juu yake mwenyewe, kwa siku tisa alizochelewa.

Kitanda cha sita, dirishani, fundi alikuwa amesikia kelele. Shingo haikugeuka, macho yalikuwa darini.

"Mama," aliita, "nani huyo aliyeletwa?"

Jina lilikuwa mbele yake, wino haujakauka, na Mama Daftari hakuweza kumsomea.