Namba Aliyoijua kwa Moyo

Ukikutana na Spès, hata kwa bahati mbaya, uliondoka na namba ya simu kichwani, utake usitake. Alikuwa msusi wa nywele kwenye kibaraza cha duka la simu za kulipia, mtaa mmoja nyuma ya West Street, mjini Durban. Kila Mkongomani aliyekuwa akirudi kaskazini, kila dereva wa lori, kila mchuuzi wa vitenge, hata padri aliyekuja kuaga, alishikwa mkono na kufundishwa namba hiyo. Hakumwandikia mtu. Karatasi hulowa, alisema, tena askari wa mipakani hawana haya na mifuko ya watu. Alikutajia namba, ukairudia, na ukikosea mlianza upya.

"Sema tena," alisema.

Ukishaishika vizuri ndipo alipokupa ujumbe wenyewe: "Ukikuta mwanaume anaitwa Vénérand, seremala wa Uvira, mwambie bibi yake iko Durban. Apige hii namba."

Wengine walibadilisha njia wakimwona. Wengine walimwigiza mbele ya wenzao wakacheka sana, na Mungu awasamehe, maana hapakuwa na cha kuchekesha. Vénérand alikuwa mume wake. Siku vita vilipoingia Uvira, mwaka wa tisini na sita, alikuwa amepanda mlimani kumtazama mama yake mzazi. Spès alisukumwa na umati hadi kwenye boti ya kuvuka ziwa, na tangu hapo hawakuonana wala kusikiana. Alipita Kigoma, akapita kambi, akapita nchi baada ya nchi, mpaka Durban ikamsimamisha kwa sababu mbele palikuwa na bahari.

Kwao alikuwa muuguzi. Durban vyeti vyake havikuwa na maana kwa mtu yeyote, akashika nywele. Angeweza kusuka ndani ya saluni, penye kiti na kioo. Mwenye saluni mmoja wa Overport alimfuata mara mbili. Akakataa. Alitaka kibaraza kile na upepo wake wote, kwa sababu akiwa pale aliisikia simu ikilia ndani. Ikilia tu, vidole vyake vilisimama katikati ya msuko. Wateja walizoea. Walikaa kimya naye mpaka Apollinaire, mwenye duka, apaze sauti kuita jina la mtu mwingine.

Halafu ikaja kazi. Sista Matilda, Mtanzania wa parokia yao, aliandikiana na masista wenzake wa Kimberley waliokuwa na nyumba ya wazee na wakitafuta mtu mwenye mikono ya uuguzi. Kulikuwa na chumba, mshahara na sare nyeupe. Aliposikia habari ya sare Spès alilia, kisha akasema haendi. Alikataa siku kadhaa. Alipokubali hakukubali kwa furaha, usidanganyike. Alikuwa amechoka kusikiliza.

Basi ukaanza mpango wa safari. Ezekieli, dereva mwenyeji wa Mbeya aliyekuwa akipeleka sukari bara, alikubali kumpakia yeye na vitu vyake. Ulikuwa mwezi wa saba, na Ezekieli alipenda kutisha watu na baridi.

"Dada, wewe Durban unaona baridi hii? Hii ni mchezo. Kimberley asubuhi maji yanaganda kwenye bomba. Na pale mlimani Van Reenen, theluji ikishuka, polisi wanafunga barabara, tunalala humo humo kwenye gari. Tafuta blanketi. Tafuta koti la maana."

Koti lilikuwepo. Lilikuwa koti zito la kiume, la mitumba, alilolinunua majira yake ya kwanza ya baridi Durban na kulitundika msumarini bila kulivaa. Marie-Claire, mwenzake wa chumba, ndiye aliyemsaidia kufunga mizigo, na walifika kwenye koti wakagombana.

"Maman, hii koti uvae ama uuze. Inakula nafasi bure."

"Iko na mwenyewe."

"Mwenyewe iko wapi?"

Spès alilikunja akaliweka katikati ya godoro, akazungusha kamba. Sufuria ziliingia moja ndani ya nyingine, na mafuta ya mawese yalimiminwa kwenye debe la mdomo mpana, maana Ezekieli alionya kwamba yakiganda kwenye chupa hatayatoa mpaka mwezi wa kumi. Yote hayo yalikuwa rahisi. Mpango wenyewe hasa ulikuwa simu.

Alikwenda kwa Apollinaire akasimama mbele ya meza yake.

"Papa Apo, nikiisha kwenda, simu ikilia, mtu aniulizie. Utasema nini?"

"Nitasema umehama, Maman."

"Hapana. Utasema: Spès iko Kimberley, kwa masista, kwa nyumba ya wazee. Sema tena."

Apollinaire, mtu mzima mwenye kitambi na wajukuu, alisema tena, na tena, mkono kifuani. Akamwapia kwamba hata akiwa msalani atatoka mbio. Kwa ahadi hiyo Spès alikaza kamba ya mwisho. Hakuwa na tumaini jingine la kuondoka nalo.

Siku ya safari Ezekieli hakuweza kuegesha lori mtaani pale, trafiki wangemla. Walipatana kwamba akimaliza kupakia sukari atapiga simu dukani, na Spès atashusha mizigo hadi kwenye robot ya pili, yaani taa za barabarani, ampakie upesi aondoke. Tangu asubuhi Spès alikaa juu ya godoro lake lililoviringishwa, hapo hapo kibarazani, mara hii bila nywele za mtu mikononi. Simu ililia mara nyingi. Kila mara waliitwa watu wengine.

Alasiri Ezekieli alitokea kwa miguu, amefura.

"Dada, unanichezea? Mimi nimepiga mpaka nimechoka. Nilikuwa naondoka nikuache!"

"Hukupiga. Niko hapa toka asubuhi."

"Nimepiga! Napokelewa na wauza matairi wa Isipingo!"

"Basi umekosa namba."

"Nimekosa? Si ulinikaririsha mwenyewe kama mtoto wa chekechea?" Akaitaja namba yote, tarakimu kwa tarakimu, na hakukosea hata moja.

Apollinaire alikuwa ametoka mlangoni kusikia ugomvi. Namba ilipotajwa uso wake ulibadilika, akashika fremu ya mlango.

"Maman Spès," alisema polepole. "Ile iko namba ya duka la zamani."

Mwaka uliopita mwenye jengo alikuwa amepandisha kodi, na Apollinaire akahamisha duka mlango wa tatu, meza, simu na viti. Spès alihama naye siku hiyo hiyo na kigoda chake; alisaidia hata kubeba saa ya ukutani. Lakini laini haikuhama. Hapa Apollinaire alipewa namba nyingine, na ile ya zamani ikaenda kwa watu wengine, hao wa Isipingo, kusini mwa mji.

"Niliandika namba mpya, Maman. Kwa ukuta, juu ya simu. Watu wote waliona."

Na kweli ilikuwa imeandikwa, kwa kalamu nene, kubwa. Watu wote walikuwa wameiona. Ila nani husoma ukutani namba anayoijua kwa moyo? Na Apollinaire je, aliyemsikia Spès kila siku akiifundisha ile ya zamani mlangoni mwake? Aliisikia kila siku, ndiyo sababu hakuisikia. Maneno ya mwanamke yule yalikuwa yamegeuka kelele za barabarani.

Spès hakumpigia kelele. Aliingia kwenye kibanda cha simu akapiga namba yake mwenyewe, ambayo hakuwahi kuipiga. Ilipokelewa na mwanamke, Mhindi kwa lafudhi. Spès akakusanya Kiingereza chake chote cha kibarazani.

"Samahani, mama. Kuna mwanaume aliwahi kupiga hapo? Alikuwa anatafuta mtu anaitwa Spès?"

"Mungu wangu," mwanamke alisema. "Wewe ndiye Spès?"

Alikuwa mke wa muuza matairi. Akaeleza yote, na Spès akasikiliza akiwa ameegemea ukuta. Mwanaume huyo alianza kupiga kabla ya Krismasi. Kiingereza hakujua, alitaja jina tu, jina tu, na mara za kwanza walimkatia. Pasaka akapiga tena, safari hii na mtu pembeni anayejua Kiingereza. Akauliza kama mwanamke huyo yupo pale, au aliwahi kuwapo; alikopigia hakusema.

"Nikamwambia ukweli, dada. Hapa hakuna mtu wa jina hilo, hajawahi kuwapo. Akauliza, amekufa? Nikasema simjui, nitajuaje?"

"Akasema nini?"

"Yule mwenzake akasema anatushukuru, hatatusumbua tena. Nilimsikia mwenyewe analia kwa nyuma."

Kwa hiyo namba ilifika. Katika wale wote waliomkimbia na kumcheka, mmoja alivuka mipaka yote nayo kichwani, akamtafuta seremala wa Uvira, akampa. Ilifika, na haikuwa kitu. Spès alimjua mume wake. Vénérand si mtu wa kuacha jambo likining'inia. Atakuwa amemwambia mama yake, misa imesomwa, ndugu wamekaa chini, na baadaye wameondoa matanga wakaanza kumtafutia mke. Angeweza hata kukisia walikula nini siku hiyo.

Alipotoka kibandani Ezekieli alikuwa amesahau hasira.

"Umempata, dada?"

"Amenizika," Spès alisema.

Apollinaire alikaa kwenye ngazi ya duka lake akajifunika uso. Ezekieli akakohoa, akasema kwa upole kwamba wingu limeshika milimani, wakichelewa watafungiwa. Basi anakwenda au anabaki? Swali lilikuwa la haki, na jibu halikuelemea upande wowote. Simu ya Durban isingeweza kulia kwa ajili yake. Ile ya Isipingo Vénérand alikwisha kusema hataipiga tena.

Spès alilegeza kamba ya godoro, akavuta lile koti, akamwekea mikononi Marie-Claire, aliyekuja kumsindikiza.

"Uza," alisema.

Marie-Claire alianza kulia kwa sauti. Ezekieli akabeba godoro begani na debe la mawese mkononi, akashika njia ya robot ya pili, akidhani Spès anamfuata. Lakini Spès alikuwa amerudi kibandani, amepiga tena Isipingo.

"Mama, ni mimi. Nakuomba ushike maneno machache ya lugha yangu. Spès iko Kimberley, kwa masista."

Mwanamke yule alijaribu. Akayavunja. Akajaribu tena, akaruka Kimberley. Nje Ezekieli alikuwa amekwisha kufika kwenye lori, na honi yake ilisikika mtaa mzima. Mwisho mwanamke akayasema yote, wazi, bila kosa.

"Lakini alisema hatapiga tena, dada."

"Najua," Spès alisema. "Sema tena."